Kuchora Bukavu kama Anavyoiona Mwewe: Mwongozo Kamili wa Kuchora Mandhari Kutoka Juu

Mtu wa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, anaujua mji wake kwa miguu. Anajua mteremko gani unamkata pumzi, tope la wapi linavua watu viatu, ngazi zipi za udongo zinamshusha kutoka mtaa wa Kadutu hadi barabara kubwa. Lakini mwombe akuchoree mji huo mzima kwenye karatasi moja, kama anavyouona mwewe akizunguka angani, atakuchorea nyumba tano, mgomba mmoja na ziwa nyuma yake. Si kwamba hajui kuchora. Ameanza na kitu kilichopaswa kuja mwisho.

Picha yangu ya kwanza ya namna hii niliichora nyuma ya kalenda ya zamani. Nilianza na paa la nyumba yetu, nikalipa urefu wa sentimita moja, kisha la jirani, kisha la jirani wa jirani. Nilipofika nusu ya karatasi nilikuwa nimechora nyumba arobaini, na kilima kizima kilionekana kama kichuguu. Ziwa lilikosa nafasi kabisa. Tangu siku ile kanuni yangu ni hii, na mwongozo wote umejengwa juu yake: ardhi kwanza, maji yake pili, kisha njia, nyumba mwisho.

Na huhitaji kupaa. Mwaka 1500 Jacopo de' Barbari alitoa picha ya mji wa Venice wote ukionekana kutoka angani, imechapwa kwa vibao sita vya mbao, upana wake karibu mita 2.8. Puto la kwanza kubeba watu lilipaa Ufaransa mwaka 1783. Kwa hiyo karibu miaka 300 kabla ya binadamu kuuona mji kutoka juu, watu walikwisha kuuchora hivyo, kwa vipimo vilivyokusanywa chini na kuunganishwa mezani. Sisi tuna ramani kwenye simu. Tuna nafuu kubwa.

Vifaa

Karatasi mbili za A4 zikibandikwa ubavu kwa ubavu zinatoa A3 moja, sentimita 42 kwa 29.7. Bandika kwa nyuma, ili kalamu isikwame kwenye gundi. Tafuta kalamu za risasi tatu: HB ya kupimia, 2B ya kuchorea, 4B ya vivuli. Ongeza gomu safi, rula ndefu (shuleni tuliita lati), na biki nyeusi ya kumalizia.

Ramani utaipata bure kwenye intaneti. Unataka mbili: moja ya barabara na ukingo wa ziwa, kama OpenStreetMap, na moja yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa; OpenTopoMap ni nzuri kwa hilo. Picha ya setilaiti itasaidia baadaye kwenye mapaa na miti. Ukiwa na mega za intaneti na umeme upo, piga picha za kioo cha simu sehemu kwa sehemu, uzichapishe kwenye duka la fotokopi, ili kazi isisimame umeme ukikatika.

Droni sahau. Na usiende kusimama na karatasi yako karibu na kambi, mpakani kwenye mto Ruzizi au uwanja wa ndege. Mtu anayechora ramani mahali kama pale anaeleweka vibaya haraka sana, na maelezo yako kuhusu sanaa hayatasikilizwa. Barazani kwako panatosha.

Ielewe ardhi kabla ya kuigusa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayeelewa sehemu hii hata mkono wake ukiwa mzito atatoa picha inayosimama.

Ukiitazama Bukavu kwenye ramani utaona rasi zinazoingia ziwani, na watu husema mji ni kama mkono uliochovya vidole majini. Kwa nini vidole? Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajikusanya, ziwa likapanda mpaka likapata mlango mpya upande wa kusini, ambao leo ni Ruzizi. Lilipokuwa linapanda lilikuta vilima vimekwisha kuwepo. Likaingia mabondeni, likaacha migongo nje.

Kwa hiyo kila rasi ni mgongo wa kilima, na kila ghuba ni bonde lililojaa maji. Rasi ya La Botte haikuchongwa na ziwa. Ni kilima kilichofikiwa kiunoni. Hilo linabadilisha mkono wa mchoraji. Badala ya kuchora ukingo wa maji kama kamba iliyotupwa ovyo, unajua kwamba mgongo wa rasi unaendelea nyuma kupanda hadi mjini, na kwamba ghuba nayo inaendelea nyuma kama korongo hadi juu kwenye kartie, yaani mitaani. Ukingo wa ziwa lenyewe ni mstari wa kontua, na ndio pekee unaoonekana kwa macho.

Chukua ramani yako ya kontua. Kwa kalamu nyekundu fuata migongo yote, kuanzia ncha ya rasi kurudi nyuma hadi kileleni. Kwa kalamu ya bluu fuata mabonde yote, kuanzia ghuba kurudi juu. Nyekundu na bluu hazikatani kamwe. Zikikatana umekosea, rudia. Kazi hii inachukua saa moja, na ni saa yenye thamani kuliko zote zitakazofuata.

Weka jicho lako mahali

Amua unasimama wapi angani na unatazama wapi. Kwa Bukavu mimi naweka jicho upande wa kusini, juu ya mtaa wa Panzi, nikitazama kaskazini. Hivyo rasi zinanyooka kuniacha, ziwa linafunguka katikati, Ruzizi na vilima vya Rwanda vinakaa kulia, mtaa wa Bagira kushoto, na mlima Kahuzi nyuma kabisa upande huohuo wa kushoto.

Kimo: mita 500 juu ya usawa wa ziwa. Ukishuka chini zaidi, kilima cha mbele kinaficha cha nyuma. Ukipanda sana, vilima vinalala, picha inageuka ramani na mtu haoni tena kwamba Bukavu ni mji wa miteremko.

Usawa wa ziwa ndio sakafu yetu. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya bahari, basi jicho letu liko kwenye mita 1,960. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Upeo na miraba

Laza karatasi kwa upana. Sentimita 8 kutoka ukingo wa juu, piga mstari mwembamba wa HB kutoka kushoto hadi kulia. Huo ni upeo, mahali ambapo ziwa lingekutana na mbingu kama milima isingekuwepo. Upeo daima uko sawa na jicho lako, uwe umekaa kwenye kigoda au juu ya wingu. Weka nukta katikati ya mstari huo, sentimita 21 kutoka kila upande. Hiyo ni nukta ya kutokomea, pale mistari ya kwenda mbali inapokutana.

Sasa umbali. Wengi hukadiria kwa macho, na hapo ndipo picha inapoharibika, kwa sababu umbali haupungui sawasawa. Kuna hesabu nyepesi: gawanya 12 kwa idadi ya kilomita, jibu ni sentimita za kushuka kutoka kwenye upeo. Kitu kilicho kilomita 1 kinakaa sentimita 12 chini ya upeo. Kilomita 1.5, sentimita 8. Kilomita 2, sentimita 6. Kilomita 3 ni 4, kilomita 4 ni 3, kilomita 6 ni 2, na kilomita 12 ni sentimita 1 tu. Piga mstari wa kulala kwa kila umbali, uandike kilomita zake pembeni.

Angalia mistari hiyo ilivyo. Kati ya kilomita ya kwanza na ya pili kuna sentimita 6. Kati ya ya tatu na ya nne kuna 1. Jicho lisilozoea litakuambia umekosea, likutake uitawanye mistari ya nyuma ili upate nafasi. Usilisikilize. Mbanano huo wa nyuma ndio unaompa mtazamaji hisia kwamba anaruka.

Upana nao una hesabu yake. Kwa kimo chetu cha nusu kilomita, kilomita 1 ya upana ni mara mbili ya zile sentimita za kushuka: sentimita 24 kwenye mstari wa kilomita 1, 12 kwenye wa kilomita 2, 6 kwenye wa kilomita 4. Nenda kwenye mstari wa kilomita 2. Kuanzia katikati, tia alama kila sentimita 6 kushoto na kulia; kila alama ni nusu kilomita. Unganisha kila alama na nukta ya kutokomea kwa rula, kisha urefushe mstari huo kuja mbele hadi ukingo wa karatasi. Kwa pembeni za nyuma, tumia mstari wa kilomita 4, alama kila sentimita 3. Ongeza mistari ya kulala ya kilomita 2.5 na 3.5 kwa hesabu ileile ya 12.

Sasa una sakafu ya miraba inayokwenda mbali. Chora miraba hiyohiyo ya nusu kilomita juu ya ramani yako, ukianzia pale ulipoweka jicho. Zipe safu herufi na namba, kwenye ramani na kwenye karatasi, maana baada ya nusu saa miraba yote inafanana.

Kuhamisha ukingo wa ziwa

Anza na ukingo wa maji, ile kontua ya kwanza ya ardhi, kwa kuwa uko kwenye sakafu na hauhitaji kuinuliwa. Fuata ukingo mraba kwa mraba: kwenye ramani unaingia mraba C4 kwa robo ya upande wa kushoto na kutokea juu kulia, basi fanya vivyo hivyo kwenye C4 ya karatasi. Usitazame picha nzima, tazama mraba mmoja tu. Rasi zitaonekana zimebapa ajabu, fupi na pana. Ziache hivyo. Hivi ndivyo zinavyoonekana kutoka pale juu.

Hamisha pia mistari yako nyekundu na ya bluu, kwa HB hafifu. Ruzizi inatoka pembeni kulia mwa ziwa na kuja upande wako. Itapotea nyuma ya vilima mara utakapoviinua.

Kuinua vilima

Kwenye kila kilele, na kila mahali mgongo unapobadilisha mwinuko, soma kimo kwenye kontua, toa 1,460, upate mita juu ya ziwa. Kisha panda wima kwenye karatasi: mita 100 ni sentimita 2.4 kwenye mstari wa kilomita 1, sentimita 1.2 kwenye wa kilomita 2, milimita 8 kwenye wa kilomita 3, milimita 6 kwenye wa kilomita 4. Weka nukta pale unapofika. Ukiunganisha nukta za mgongo mmoja, kilima kinasimama mbele yako. Kila kilichofichwa na mgongo wa mbele, kifute.

Hapa ile namba 1,960 inafanya kazi. Kilima chochote kilicho chini ya kimo hicho hakivuki mstari wa upeo, hata kiwe wapi. Kilicho juu yake kinauvuka. Kahuzi una mita 3,308, uko kilomita 30 na kidogo, basi ukipiga hesabu utaona unachomoza kama sentimita 1 juu ya upeo. Sentimita moja kwa mlima mzima! Hapo mchoraji ana haki ya kuongeza. Heinrich Berann, Mwaustria aliyechora mandhari za Alps na hifadhi za taifa za Marekani, alikuwa akikuza milima na hata kuigeuza kidogo ili mtazamaji aitambue. Mimi naupa Kahuzi sentimita 2, na vilima vya mjini nusu zaidi ya kimo chake. Ila ukikikuza kimoja, kuza na wenzake wote wa safu ileile, la sivyo unaongopa.

Ukimaliza, chini ya karatasi patabaki utupu, kwa sababu ardhi ya mbele imepanda. Ndipo ninapoandika jina la picha na mwaka.

Makorongo

Ondoa miraba kwa gomu, polepole. Chukua 2B. Kabla ya barabara, chora maji yanapopita. Kila mstari wa bluu unakuwa korongo: mstari mzito upande mmoja, mwepesi upande wa pili, ukipanuka kadiri unavyoshuka kuelekea ziwani. Mistari ya mteremko ichore kama tone la mvua linavyokimbia, kutoka mgongoni kwenda bondeni, kamwe si kwa kulala. Mistari ya kulala inabapa kilima. Ya kushuka inakipa nyama.

Nasisitiza makorongo kwa sababu nyingine pia. Kwetu udongo unaporomoka, mvua kubwa inachukua nyumba na watu, na unapochora njia za maji kwa ukweli unaona kwa macho yako nyumba zipi zimekaa mdomoni mwa korongo. Hilo haulioni ukiwa umesimama uwanjani kwako.

Barabara zinafuata, na ni rahisi sasa. Barabara ya gari inakwepa mteremko, kwa hiyo inazunguka kilima ikifuata kontua au inatembea juu ya mgongo. Njia ya miguu inakata moja kwa moja. Chora ya kwanza kwa mistari miwili iliyokaribiana, ya pili kwa mmoja.

Nyumba, hatimaye

Nyumba ya mita 10, kwenye mstari wa kilomita 1, ina milimita 2.4. Kwenye kilomita 2 ina 1.2. Kwenye kilomita 4, nusu milimita na ushei. Soma tena namba hizo, kisha ukumbuke mapaa yangu ya sentimita moja.

Kwa hiyo nyumba hazichorwi namna moja. Zile za mbele kabisa, kama mia tatu hivi, zinapata umbo. Tuchukue moja. Paa la manjanja, yaani mabati, la migongo miwili: chora kwanza mstari wa kati, ule wa kileleni, wenye urefu wa milimita 3 au 4. Shusha upande unaokutazama kama mraba uliosukumwa ubavuni. Upande wa pili ni ukanda mwembamba tu. Chini ya paa weka mstari mmoja mfupi mzito: huo ndio ukuta na kivuli chake, vyote pamoja. Mlango na dirisha, hapana. Bati jipya liache jeupe, la kutu lipake 2B kwa kulaza kalamu. Nyumba ya mtelemkoni inaficha ukuta wa nyumba iliyo nyuma yake, basi panga mapaa kama magamba ya samaki, kila safu ikipanda juu ya nyingine kufuata kontua. Kadutu nzima imepangwa hivyo.

Kuanzia kilomita 2 acha mapaa, weka vidoa vyenye pembe. Kuanzia kilomita 3, vistari vifupi. Baada ya hapo ni utofauti wa weusi tu. Majengo yanayotambulika, kama kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix na kuba lake, yape ukubwa mara mbili ya hesabu, si zaidi. Miti ya rasini, michoro ya duara ndogo yenye giza upande mmoja.

Mwanga, maji na hewa

Chagua saa tatu asubuhi. Tukitazama kaskazini, jua liko kulia, vivuli vyote vinaangukia kushoto: kushoto mwa kila mgongo, kushoto mwa kila paa, kushoto mwa kila mti. Paka 4B upande huo kilima kwa kilima, kuanzia mbele. Usichanganye saa.

Ziwa lina giza pale karibu nawe na linang'aa kuelekea upeo, kwa sababu mbali maji yanarudisha mbingu. Nenda taratibu kutoka kijivu hadi karatasi tupu. Mtumbwi wa kuvulia sambaza, wale samaki wadogo, ile mitatu iliyofungwa pamoja na miti yake mirefu, ni nukta mbili na alama ndogo ya mkondo nyuma. Mitatu au minne inatosha ziwa zima.

Hewa ndiyo inayotenga karibu na mbali. Tazama baada ya mvua: Kahuzi uko wazi, karibu kuuhesabia miti. Tazama mwezi wa saba, moshi wa mashamba na vumbi, hata ng'ambo ya ghuba imefifia. Chagua hewa yako na ubaki nayo. Vyovyote vile, weusi wa 4B usipite kilomita 2. Baada ya hapo 2B, baada ya kilomita 6 HB ya kugusa tu. Na pale mgongo mmoja unapokutana na mwingine wa nyuma yake, acha ukanda mweupe upana wa uzi. Uzi huo unafanya kazi kuliko kivuli chochote. Kisiwa cha Idjwi ni ukanda wa kijivu usio na kitu ndani.

Kabla ya biki

Usipitishe biki siku hiyohiyo. Ibandike picha ukutani, barazani, mahali watu wanapoingia, uiache wiki nzima ikiwa bado ya risasi. Kila mtu atatafuta kwao. Mdogo wangu wa kike alisimama pale dakika kumi, akaniuliza mimi mkubwa wake: "Yaya, kwetu ni wapi hapa?" Akapapata mwenyewe, kwa kufuata njia ya miguu kutoka sokoni, na kwenye kufuata akagundua nimeruka daraja la miti.

Siku ya tatu alikuja mama jirani kuomba chumvi. Akatazama kimya, kisha akaweka kidole juu ya kilima chetu, penye korongo nililolichora kwa kontua. "Hapana, hapa ilikuwaka zamani. Sasa maji inapitaka huku, tangu ile mvua." Akashusha kidole taratibu, upande wa kulia wa shule, katikati ya mapaa niliyoyapanga vizuri magamba kwa magamba, hadi barabarani. Nilichukua gomu, nikafuta mapaa kumi na moja, nikachora korongo pale kidole kilipopita.